Usingizi wa Mchana Endagikot

Jumatatu, 2 Machi

Habari kubwa! Yusta amebaki kwenye wawili wa mwisho.

Yusta ni mdogo wake mke wangu Agatha. Ni muuguzi, anaishi kwetu hapa Endagikot. Miaka mitatu sasa anajitolea zahanati ya masista bila mshahara, anasubiri ajira ambayo haiji. Sasa masista wa nje wanatafuta muuguzi mmoja wa kutunza wazee katika nyumba yao, kwenye mji wa watu wanaoongea Kihispania. Mkataba, mshahara, chumba chake mwenyewe. Nafasi ni moja tu. Jumamosi wanamfanyia usaili kwa video. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa Violeth wa Getanuwas, ambaye naye anajitolea zahanati hiyo hiyo.

Mama mkwe amekuja kutoka Gitting na rozari mkononi. Anasema Kwaresima hii hana ombi lingine kwa Mungu. Agatha analia kila akisonga ugali. Nikaona wazi kwamba hawa wanawake hawana mpango. Wanahitaji mtu.

Basi nikatangaza mezani kwamba kuanzia leo mimi, Vitalis, ni mshauri wa Yusta kwa mambo yote ya Hispania. Agatha akaniuliza Hispania nilikwenda lini. Swali gani hilo? Nina simu! Nimepata ukurasa mzima wa ushauri kwa wageni wanaohamia Hispania, na simu imeutafsiri yenyewe. Mpira wa Hispania naangalia mwaka wa kumi na mbili. Yusta akafungua mdomo, akaanza kuniambia kitu kuhusu huo mji. Nikamwomba asubiri, naandika ratiba.

Jioni nikapata pigo. Kumbe Violeth naye ana mshauri, tena ni Mwalimu Lameck! Huyu anafundisha Jiografia, mtu wa Bukoba, amepanga nyumba ya jirani. Hunisahihisha hata nikitaja mito. Ana tufe la dunia juu ya kabati, anadhani tufe ni akili. Tutaonana.

Jumanne, 3 Machi

Somo la kwanza, salamu. Ukurasa unasema kule watu wakikutana wanabusiana mashavuni, mara mbili, hata kama wamejuana leo. Nikausoma tena. Nikaangalia mlangoni kama kuna mtu. Mgeni! Shavuni! Mara mbili!

Yusta aliuliza, na wazee je? Nikasema hata wazee. Akauliza shikamoo inakaa wapi hapo. Hili halikuandikwa. Nikamwambia shikamoo imo ndani ya busu la pili.

Ikawa shida kuonyesha mfano. Mimi ni shemeji yake, siwezi. Nikachukua boga kubwa, nikaliweka juu ya stuli, nikalifunga kitambaa cha Agatha likae kisista. Shavu la kulia, shavu la kushoto. Nilikuwa raundi ya nne, macho nimefumba, nikasikia mtu anakohoa.

Mama mkwe! Amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Nikasema shikamoo mama, na boga nimelikumbatia. Hakuitikia. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kuacha kuitikia! Nilimsikia jikoni akimwambia Agatha nipelekwe kwa padri, au hospitali, popote palipo karibu.

Boga limepikwa jioni. Sikula.

Jumatano, 4 Machi

Leo mnada. Kwenye ule ukurasa kuna picha ya theluji, basi nikatafuta koti. Nimepata moja zito, lina manyoya shingoni, linafika kwenye vifundo. Yusta alilivaa akapotea humo ndani. Akaanza tena kwamba, shemeji, kule kwenyewe... Nikamwambia atanishukuru mwezi wa kwanza.

Somo la pili, foleni. Wahispania hawasimami mstari. Unaingia, unauliza kwa sauti nani wa mwisho, ukishamjua unakaa zako. Tukaenda kufanya mazoezi mashine ya kusaga. Nikaingia, nikauliza kwa sauti nani wa mwisho.

Akina mama wanane wananitazama, mtu mzima nimeingia bila salamu! Mmoja wao akanijibu kwa adabu kabisa kwamba wa mwisho ni mimi, kijiji kizima. Wakacheka mpaka mwenye mashine akazima injini aje asikie.

Yusta akaanza upya kwa njia yake. Shikamoo kwa kila mmoja, mguu wa huyu unaendeleaje, mtoto wa yule amepona? Wakampisha mbele, debe lake likasagwa la kwanza. Njia hiyo haimo kwenye ukurasa. Nimemwonya.

Wakati wa kurudi nilichungulia kwa Lameck juu ya ua. Siamini! Violeth amekaa na daftari la vidonda, anasoma. Lameck anasahihisha mitihani. Hakuna mazoezi, hakuna chochote! Lameck akaniona. Akauliza lile koti begani ni la nini, maana kule Yusta anakotaka kwenda ni joto. Joto! Nilicheka mpaka nikashika ua. Na huyu ndiye tunamwachia watoto wetu awafundishe Jiografia.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika kwa shida.

Somo la tatu lilikuwa usingizi wa mchana. Ukurasa unasema baada ya chakula cha mchana watu wa kule hufunga maduka, hufunga madirisha, wanalala. Watu wazima wenye afya zao! Hapa kwetu mlango ukifungwa saa nane mchana, watu wanajua kuna jambo. Hilo sikulifikiria.

Agatha alikuwa shambani, binti yetu Eva shuleni, mama mkwe mashineni. Yusta alikuwa amepewa ruhusa na Sista Efrazia, mkuu wa zahanati, apumzike kabla ya usaili. Nikafunga kila mlango na kila dirisha. Ng'ombe nikawaacha zizini bila kuwanywesha. Yusta aligoma, anasema hajawahi kulala mchana tangu azaliwe, labda akiwa na malaria. Nikamshinda kwa maneno. Nikamlaza chali, mikono kifuani. Nikamfunika shuka jeupe mpaka usoni kuzuia mwanga. Nikawasha mshumaa ili niweze kuona. Nikatega dakika tisini kwenye simu, nikakaa kitini pembeni yake, kichwa kikainama. Nililala mimi kabla yake.

Kumbe Bibi Severina alikuwa amekwenda zahanati. Bibi huyu ana kidonda cha mguu, mwaka wa pili huu, na hataki mkono wa mtu mwingine ila wa Yusta. Hakumkuta. Akajikongoja na fimbo mpaka kwangu. Milango imefungwa. Ng'ombe wanalia. Akaweka jicho kwenye ufa wa dirisha.

Yowe lake nililisikia usingizini nikadhani ni simu.

Kuja kuamka, Yesu na Maria! Uwanja umejaa! Watu hamsini na wengine wanakuja. Akina mama na kuni kichwani. Unga, maharage, lile sufuria kubwa la kanisa. Turubai upande mmoja limeshafungwa. Vijana wanne na majembe wanabishana kaburi liwe wapi, mmoja anasema pale kwenye vitunguu saumu udongo ni laini. Vitunguu saumu vyangu!

Nikamnong'oneza Yusta asitikisike kwanza, nipange namna ya kutangaza. Na kwenye simu zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili. Akatulia vile vile chini ya shuka. Tukawa tunasikiliza.

Bibi Severina alikuwa anasema huku analia. Anasema mtoto huyu alimwosha mguu unaonuka na hakuwahi kuziba pua. Mama mwingine akasema Yusta ndiye alimzalisha pacha siku ya mvua umeme ulipokatika, akishika simu kwa meno apate mwanga. Mwanaume mmoja akalia wazi wazi. Alisema Yusta ndiye aliyempima damu akamwambia ukweli wake, na hadi leo hakuna mwingine kijijini anayejua. Hapo alikuwa ameshawaambia wote.

Shuka likaanza kutikisika. Nikadhani anacheka. Alikuwa analia. Miaka mitatu tunakula sahani moja, najua tu kwamba anajitolea. Sikuwahi kumuuliza kule anafanya nini.

Mara watu wakapisha njia. Mama mkwe amerudi kutoka mashineni. Nilimwona kupitia ule ufa. Ndoo ya unga ilimponyoka. Hakupiga yowe, hakuuliza kitu. Alikaa chini, pale pale kwenye unga, akaita jina la Yusta mara moja tu.

Yusta akaruka! Akatoka na shuka lake jeupe, akamkimbilia mama yake. Watu wakatawanyika! Turubai likawaangukia waliokuwa chini yake. Vijana wa majembe waliruka ua wa Lameck wote wanne. Mama mkwe hakukimbia. Alimshika Yusta uso, masikio, vidole kimoja kimoja, anahakikisha vyote vipo.

Nimeona aibu. Naiandika kama ilivyo, aibu. Uso ule wa mama mkwe sitaki kuuona tena maisha yangu yote.

Mzee Gidabuday, balozi wetu wa nyumba kumi, akanisogelea taratibu. Nikampa shikamoo. Akaitikia vizuri. Akaniambia kwamba habari ya kwanza kumfikia ilisema aliyekufa ni mimi. Alikuwa anakunywa uji, akaumalizia. Ilipobadilika kwamba ni Yusta, ndipo akakimbia.

Nimekaa hapa najiuliza, aliumalizia wote?

Ijumaa, 6 Machi

Balozi ametoa hukumu. Vyakula vya watu havirudishwi, vimepikwa hapa kwangu na wote wamekula, wamemshukuru Mungu. Kuni na maji nimebeba mimi. Halafu nikaambiwa nipite kitongoji kizima, nyumba kwa nyumba, nitangaze kwamba hakuna aliyekufa.

Nimepita nyumba sitini na moja. Shikamoo, hakuna aliyekufa. Shikamoo, hakuna aliyekufa. Nyumba ya tisa waliniwekea chai ili nisimulie tangu mwanzo. Kufika nyumba ya ishirini, walikuwa wananisimulia wao, na habari ya boga imo! Boga limefikaje huku? Mama mkwe! Mama wa watu anayeshika rozari! Njiani nikakutana na padri kwenye pikipiki, alikuwa ameitwa jana akiwa mbali. Akaniuliza tu kama ni mimi Vitalis. Nikasema ndiyo baba. Akageuza pikipiki.

Lameck hakunicheka. Hapo ndipo niliumia zaidi. Alinipa maji ya kunywa, akauliza Yusta anaendeleaje, akaingia ndani.

Agatha haongei na mimi. Chakula nakuta kimefunikwa, yeye hayupo. Mama mkwe amefunga, tangu jana hajatia kitu mdomoni. Yusta amekaa anaangalia nje, daftari halifungui. Kesho ndiyo usaili. Je, kama nimemharibia? Miaka mitatu ya mtoto wa watu, nimeiharibu kwa dakika tisini!

Lazima nirekebishe. Nitakwenda na koti.

Jumamosi, 7 Machi

Nguvu zimeniisha. Naandika nimelala.

Sista Efrazia aliniambia nibaki nje ya ofisi. Violeth alianza. Akatoka anatabasamu, nikajua hali ni mbaya. Akaingia Yusta. Nilivumilia dakika nne. Nikawaza, huyu theluji hataitaja! Nikavaa koti, nikasukuma mlango, nikaweka kichwa mbele ya kompyuta, nikasema kwa sauti ya kiume buenos días Madre, yaani habari za asubuhi mama mkuu, sisi tuko tayari kwa theluji!

Kwenye kioo kuna sista mzee. Mweusi! Mweusi kuliko mimi! Anajifuta jasho na kitambaa, nyuma yake feni inazunguka, na nje ya dirisha kuna mgomba. Mgomba! Akauliza kwa Kiingereza ni theluji ipi. Halafu, kwa upole kabisa, akauliza kama mimi ni mgonjwa wa hapo.

Sista Efrazia alinitoa kwa kunivuta manyoya ya koti. Mlangoni akaniambia taratibu, nielewe. Mji ni Malabo. Malabo ni ya Guinea ya Ikweta. Guinea ya Ikweta iko Afrika.

Afrika! Watu weusi, migomba, Kihispania! Tangu lini? Nani aliruhusu? Na barua yenyewe iko mezani kwetu tangu Januari, Malabo imeandikwa juu kwa herufi kubwa, na mimi kila asubuhi naweka kikombe cha chai pale pale. Agatha alijua. Lameck alijua. Nadhani hata boga lilijua.

Nikakaa chini ya dirisha, jua la saa tano, koti mwilini. Nikasikia yote yaliyobaki. Madre alimwambia Yusta kwamba wauguzi wawili wa kabla yake walirudi kwao hata miezi sita haijafika. Kazi haikuwashinda, upweke uliwashinda. Yeye atafanya nini? Nilifumba macho. Swali hili halimo kwenye ukurasa.

Nikasikia Yusta anavuta kiti mbele. Halafu akasema juzi alilazwa kama maiti akasikia watu wanamlilia. Akaeleza yote, akanitaja mimi, akautaja mshumaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema sasa anajua anaacha nini, hawezi kudanganya kwamba hakitamuuma. Kitamuuma. Lakini watu wale hakuzaliwa nao. Siku ya kwanza Bibi Severina alimtupia fimbo. Alikwenda kila siku, akasalimia, akakaa chini, akangoja, mwezi wa nne ndipo akaonyeshwa kidonda. Akasema kule nako ataanza na mzee mmoja, atasalimia, atakaa chini, atangoja.

Madre akauliza kama yule bwana wa koti atafuatana naye. Yusta akasema hapana. Haraka sana! Hakufikiria hata kidogo.

Jumanne, 10 Machi

Ni Yusta! Yusta! Sista Efrazia amekuja mwenyewe kwa miguu kutuambia. Agatha amepiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia barabarani. Mama mkwe amekula, sahani mbili, halafu akalala usingizi hapo hapo kwenye mkeka. Alipoamka nikampa shikamoo. Ameitikia. Kwa sauti ndogo, lakini ameitikia!

Violeth alikuja kumpongeza mwenzake. Alijikaza, akashindwa, wakalia wote wawili wameshikana. Yeye anarudi kujitolea, mwaka wa pili huo, na hakuna anayejua mpaka lini. Sikuwa na neno la kumwambia. Mimi kukosa neno!

Agatha ameanza kuongea na mimi. Amesema nitoe koti sebuleni.

Nimeyapima haya yote kwa utulivu. Bila usingizi wa mchana, asingelazwa. Bila kulazwa, asingeliliwa. Bila kuliliwa, asingekuwa na jibu la kumpa Madre. Sasa nani amemfaulisha? Nimemweleza Lameck jambo hili hatua kwa hatua, nimesimama uani kwake. Amefunga mlango nikiwa hatua ya pili.

Jumatatu, 13 Aprili

Yusta ameondoka na basi la asubuhi.

Pale stendi nilikuwa nimeandaa ushauri wa mwisho, karatasi mbili. Akazipokea kwa heshima, akaziweka kwenye begi bila kuzifungua. Halafu akanipa kazi. Bibi Severina hawezi tena kufika zahanati peke yake. Nimpeleke kila Jumanne na Ijumaa, Violeth atamwosha kidonda. Nimpeleke tu. Hilo neno "tu" alilirudia mara tatu. Nisimshauri kitu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba, shemeji, nakuomba. Nikaapa kwa Mungu. Basi lilipoondoka nikalia mbele za watu wote wa stendi, na sijali.

Nyumba iko kimya. Agatha ametenga chakula akaweka sahani moja ya ziada, akaitazama, akaiondoa.

Nikaenda kumwona Bibi. Nimemkuta amekaa nje, mguu ameunyoosha, anaangalia njia ya zahanati. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba Yusta ameshaondoka. Akasema anajua, yeye anaangalia tu.

Iliniingia vibaya sana. Mtu anaachwaje hivi hivi? Anayekwenda huko mbali anapewa ushauri, barua, ukurasa mzima kwenye simu. Anayebaki je? Hakuna aliyemwandikia hata mstari!

Nikakimbia nyumbani. Nimeandika kijitabu, Mwongozo wa Kuishi Bila Yusta. Sura nne tayari. Ya kwanza, namna ya kuacha kuangalia njia. Ya pili, kumzoea Violeth, pamoja na mazoezi. Nikarudi kwa Bibi kabla jua halijazama nikamsomea yote, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema yeye hajui kusoma, na hata angejua, cha kwangu asingekisoma. Akageuza uso, akaendelea kuangalia njia.

Nimeongeza sura ya tano, inaitwa Ukaidi. Kesho ni Jumanne. Nitampitia saa moja asubuhi, tufanye kwanza mazoezi ya nusu saa.